Jeneza la Mlanguzi

Siku ya kwanza kuripoti kazini, Mkuu wa Shule aliisoma barua yangu ya kupangiwa kazi mara mbili, kisha akaigeuza atazame nyuma kama kuna maelezo zaidi. Hayakuwapo.

"Kwa hiyo wewe ndiye wa maigizo," alisema.

Nikamjibu kwamba somo linaitwa Sanaa za Maonyesho, na kwamba nimelisomea chuoni.

"Sawa, Ndugu Mwalimu. Lakini hapa utashika pia gwaride na zamu ya shamba la mihogo. Hayo maigizo yasije yakakunenepesha."

Alikuwa mwalimu wa Hisabati, mrefu, mkavu, mwenye suti ya mikono mifupi iliyopigwa pasi mpaka inasimama yenyewe. Hakunichukia. Hakujua tu aniweke wapi. Katika chumba cha walimu nilipewa meza ya pembeni, karibu na mlango, na kila aliyeingia alinisalimia akidhani ni mgeni anayesubiri kuonana na mtu. Hali hiyo ilichukua muda mrefu kwisha, na sina hakika kama iliwahi kwisha kabisa.

Ilikuwa shule ya sekondari ya wavulana, ya kutwa, mitaa michache tu kutoka soko la Kariakoo. Wakati ule kila kitu kilikuwa cha ujamaa na kujitegemea, na hata mchezo wa kuigiza ulitakiwa ubebe ujumbe. Wakubwa walipenda zaidi ngonjera, yaani mashairi ya kujibizana, kwa sababu ngonjera humalizika kwa dakika chache na hakuna asiyejua nani ameshinda. Mchezo wenyewe, wenye watu wanaonyamaza, wanaosita, wanaogeuka nyuma, uliwatia wasiwasi.

Mimi nilitoka Masasi. Nilipanga chumba Mtaa wa Mchikichi, katika nyumba ya Kiswahili yenye ukumbi katikati na vyumba pande mbili. Wapangaji wenzangu walikuwa na watu wao. Mmoja alifanya kazi bandarini na kila Jumapili chumba chake kilijaa ndugu kutoka Kilwa. Mwingine alikuwa mama wa maandazi ambaye hakuwahi kukosa mtu wa kugombana naye. Walimu wenzangu, kengele ya mwisho ikilia, walidandia basi kwenda Magomeni na Temeke kwa wake na watoto. Mimi nilirudi chumbani, nikafungua andiko la mchezo, nikasoma sehemu za watu wote kwa sauti zao tofauti. Siku moja mama mwenye nyumba aligonga mlango.

"Mwalimu, una wageni? Nikuletee kikombe cha pili?"

Nilimwambia niko peke yangu. Alichungulia ndani kuhakikisha, akanihurumia waziwazi, na mimi nikajihurumia zaidi. Nilikuwa mpweke, sina neno lingine la kuipamba hali ile.

Ninyi mnaosoma sanaa sasa hivi, wenye taa za rangi na vinasa sauti, niwaeleze kidogo tulivyofanya kazi. Tulianza na sauti. Kutupa sauti si kupiga kelele. Ni kuitoa tumboni na kuifikisha kwa mtu wa benchi la mwisho bila koo kukauka. Tulifanyia mazoezi uwanjani wakati malori ya mihogo na ndizi yanapita kwenda sokoni, na kijana aliyesikika juu ya lori alikuwa amefaulu. Maleba, yaani mavazi ya mchezoni, tuliazima majumbani. Mvi tulitengeneza kwa unga wa muhogo, ndevu kwa masizi ya sufuria yaliyochanganywa na mafuta ya nazi, na yeyote aliyesahau kunawa aliwahi kurudishwa na mama yake mlangoni.

Halafu kulikuwa na zoezi nililoliita kuazima mwendo. Kila mwanafunzi alikwenda sokoni, akachagua mtu mmoja, akamwangalia anavyotembea, anavyoshika mzigo, anavyokohoa kabla ya kutaja bei. Kesho yake alituletea mtu yule darasani. Sharti lilikuwa moja: usimwazime mtu ili umcheke. Walicheka hata hivyo, maana walikuwa vijana, lakini baada ya wiki chache walianza kunyamaza wenyewe wakimwona mwenzao amepatia.

Kazi yangu siku ya maonyesho ilikuwa ya mkumbushaji. Huyo ni mtu anayekaa nyuma ya pazia na andiko mkononi, mchezaji akisahau humnong'oneza neno linalofuata. Wengine humpa mwanafunzi kazi hiyo. Mimi niliishika mwenyewe kwa sababu sikumwamini mtu. Matokeo yake ni kwamba katika maisha yangu sijawahi kuuona mchezo wangu hata mmoja nikiwa mbele. Niliijua michezo yangu kwa masikio, na kwa migongo ya wachezaji.

Saa za mazoezi ndizo zilizokuwa saa zangu za kuwa na watu. Vijana walinizingira, walibishana nami, waliniambia, "Hapana mwalimu, baba yangu hawezi kusema hivyo." Jioni wakiondoka, nilikuwa nafunga ukumbi polepole kuliko ilivyohitajika.

Kwa hiyo mtaelewa nilivyoshtuka Afisa Elimu alipokuja. Huyu alikuwa mkubwa wa elimu katika mkoa, mtu mnene mwenye adabu, aliyezungumza taratibu kana kwamba kila neno linaandikwa mahali. Aliniita ofisini kwa Mkuu wa Shule.

"Ndugu Mwalimu, somo lako liko kwenye majaribio. Mwisho wa mwaka nitakuja kutazama mchezo mmoja. Nikiona una faida kwa taifa, somo litabaki kwenye ratiba. Nikiona ni kuchezacheza, utafundisha Siasa kama wenzako."

"Mchezo wa namna gani, Ndugu Afisa?"

"Mwonyesheni mnyonyaji. Watu waone anavyoishia."

Nilitoka pale nikijua kinachopimwa. Wao walipima somo. Mimi nilikuwa napima kama nitaendelea kuwa na mtu wa kuzungumza naye katika mji huu.

Mchezo tuliutunga darasani kwa njia ya kubuni papo kwa papo: mwalimu anatoa tukio, vijana wanaingia na kusema lolote linalowajia, tunachuja, tunaandika yaliyo mazuri. Ulimhusu mlanguzi aliyeficha sukari na vitambaa huku watu wakiteseka kwenye foleni. Katika onyesho la mwisho mlanguzi amekufa. Jeneza lake limewekwa katikati ya jukwaa. Mdogo wake anawaita majirani wamsaidie kulibeba. Wanakuja mmoja mmoja, kila mmoja anasema alichotendewa na marehemu, anageuka, anaondoka. Mdogo mtu anaita mara tatu. Baada ya mara ya tatu anaondoka naye, jeneza linabaki peke yake, pazia linafungwa.

Niliupenda mwisho ule kuliko chochote nilichowahi kutunga. Nadhani niliujua kwa ndani. Kufa katika mji mkubwa na kukosa mabega manne, hilo nilikuwa nikilifikiri mara nyingi chumbani kwangu.

Mdogo wa mlanguzi alikuwa Athumani wa Kidato cha Tatu, kijana wa mtaa wa Gerezani mwenye sauti nzito kupita umri wake. Alipoita, "Jamani, nisaidieni nimwinue ndugu yangu," hata mimi niliyekuwa nimeyaandika maneno yale nilijikuta nimeinua macho.

Jeneza tulitengenezewa na seremala kulekule Gerezani. Siku ya kulichukua, Athumani na wenzake watano walilibeba mabegani. Mawingu yalikuwa yametanda na rangi ilikuwa bado mbichi, kwa hiyo tulilifunika shuka. Mimi nilifuata nyuma na kopo la rangi iliyobaki. Tukakatisha katikati ya Kariakoo mchana kweupe.

Nilipaswa kufikiri kwanza. Kariakoo ya wakati ule, jeneza likipita, mwanamume aliacha alichokuwa akifanya. Muuza viazi aliacha mizani. Alitoka, akatia bega, akatembea hatua kadhaa, akampokeza mwingine, akarudi kwenye biashara yake. Hakuuliza nani amekufa. Hilo lilikuwa jambo la baadaye.

Kufumba na kufumbua wanafunzi wangu walikuwa wamepokelewa jeneza na wanatembea kando mikono mitupu, wanatazamana. Wanaume wazima walilishika na mwendo ukaongezeka. Nilikimbia na kopo langu nikisema, "Samahani, samahani," lakini katika maziko hakuna anayepaza sauti, na nikiwa mwalimu wa kutupa sauti nilishindwa kabisa kuitupa yangu.

Aliyesimama alikuwa mzee mfupi aliyeuza kofia kwenye kona ya soko. Baadaye nilijua anaitwa Mzee Mfaume. Alikuwa ametia bega mbele, upande wa kulia.

"Mbona mwepesi hivi?" aliuliza. "Ni mtoto?"

Athumani akajitokeza. "Shikamoo babu. Halina mtu. Ni la mchezo wa shule."

Mzee Mfaume alisahau hata kuitikia. Waliliteremsha chini. Watu wakazunguka.

"Mchezo gani huo wa kuchezea jeneza? Mkubwa wenu nani?"

Nikajisogeza na kopo langu. "Ni mimi, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Kwenu wapi?"

"Masasi."

"Na huko Masasi hamfi?"

Watu walicheka sana, na mimi niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Nilimweleza habari ya mchezo na ya Afisa Elimu, nikamwomba aje Jumamosi pamoja na wenzake, watazame kabla ya kutuhukumu.

"Nitakuja," alisema. "Na nikiona upuuzi, nitausema palepale. Mimi sina cha kusubiri."

Jambo moja nililitengeneza baada ya hapo. Jeneza tupu huinuliwa kiwepesi, na mtazamaji huona. Niliweka gunia la mchanga ndani yake, vijana wakajifunza kulemewa kwa kweli.

Jumamosi alasiri ukumbi ulijaa. Mkuu wa Shule na Afisa Elimu walikaa kwenye viti mbele. Wazazi na wanafunzi walikuwa katikati. Mzee Mfaume alikuja na kundi zima la sokoni, wengine bado wana vumbi la unga, wakakaa mabenchi ya nyuma. Nikaingia nyuma ya pazia na andiko langu.

Mchezo ulikwenda vizuri. Mkumbushaji hujua kwa kikohozi. Watazamaji wakichoka hukohoa, na siku ile hakuna aliyekohoa. Walimzomea mlanguzi, mama mmoja akamtukana tusi la kweli, na Afisa Elimu nilimsikia akicheka taratibu. Nilianza kujiruhusu kufikiri juu ya mwaka unaofuata.

Likaja onyesho la mwisho. Majirani walisema yao, wakaondoka. Athumani akabaki na jeneza.

"Jamani, nisaidieni nimwinue ndugu yangu."

Kimya.

"Jamani, nisaidieni."

Kimya. Kilikuwa kimya kile tunachokitafuta miaka yote, ambacho hakifundishwi chuoni. Athumani akaita mara ya tatu, na safari hii alikuwa analia. Hatukuwa tumepanga alie. Nikashika kamba ya pazia.

Nikasikia benchi linasukumwa nyuma. Nilidhani mtu anatoka nje. Halafu nikasikia makubadhi yanakuja mbele, si nyuma, yanakuja bila haraka mpaka kwenye ngazi ya jukwaa.

"Usilie, mwanangu," ilisema sauti ya Mzee Mfaume. "Sisi tupo."

Mabenchi mengine yakasukumwa. Walikuja wa sokoni wote, wakaja na baadhi ya wazazi. Athumani aligeuka akanitazama kupitia upenyo wa pazia, macho yamemtoka. Alitaka neno linalofuata. Hiyo ndiyo kazi yangu, na sikuwa nalo. Andiko lilikuwa limeishia pale.

Mzee Mfaume akatia bega. Wakainua. Mchanga ulikuwa mzito na waliuhisi, nikasikia wanavyovuta pumzi pamoja. Vijana wangu waliokuwa wameondoka jukwaani kama majirani wenye chuki wakarudi mbio, na unga wa muhogo kichwani, wakagombea nafasi. Jeneza la mlanguzi likashuka ngazi, likapita katikati ya ukumbi, likatoka kwa mlango mkubwa, na ukumbi mzima ukalifuata.

Tulibaki watatu.

"Ndugu Mwalimu," alisema Afisa Elimu, "mchezo ulitakiwa uishie hivi?"

"Hapana, Ndugu Afisa. Ulitakiwa uishie jeneza likiwa peke yake."

"Basi wananchi wamembeba mlanguzi kwa heshima zote mbele ya macho yangu. Mimi niandike nini?"

Aliyejibu alikuwa Mkuu wa Shule, na sikulitegemea hilo. "Andika kwamba waliamini, Ndugu Afisa. Mimi ni mtu wa Hisabati, sijawahi kuona watu wanaamini kitu namna ile."

"Kuamini waliamini. Lakini hawakufundishika."

Aliendelea kuzungumza, taratibu, kwa adabu zake zote. Nami nilisimama wima mbele yake kama mtumishi anavyotakiwa kusimama, huku nikisikia ule msafara unaishilia mtaani, sauti zikizidi kuwa ndogo. Muhula uliofuata somo la Sanaa za Maonyesho halikuwamo kwenye ratiba.

Nimekwisha kuwaza sana juu ya jambo hilo. Kwa miaka yangu yote ya kazi nilitafuta watazamaji watakaosahau kwamba wanatazama mchezo. Niliwapata mara moja, na wao ndio waliolizika somo langu. Sikuwahi kuwakasirikia. Afisa Elimu naye sikumkasirikia sana. Alikuwa sahihi kwa mujibu wa kazi yake.

Kesho yake, Jumapili, nilikuwa nafua uani. Mama mwenye nyumba akaja amechangamka kuniambia nina mgeni, mgeni wa kweli. Alikuwa Mzee Mfaume. Nilidhani amekuja kuniomba radhi kwa kuniharibia mchezo.

"Mwalimu, jana hatukukuona."

"Wapi, mzee?"

"Kwenye msafara. Tumelifikisha jeneza mpaka kwa seremala, tukamwaga mchanga, tukacheka wee, tukanywa kahawa. Vijana wako wote walikuwapo. Watu wanaulizana, mwalimu yuko wapi? Wewe hukuonekana."

"Nilikuwa na wakubwa."

"Wakubwa wangesubiri."

Nikamuuliza kwa nini alipanda jukwaani, na yeye ndiye aliyejua kuliko wote kwamba hakuna maiti.

"Nilijua," alisema. "Lakini yule kijana aliita. Aliita mara tatu. Mambo ya sukari ya marehemu tungeyasema kesho."

Niliingia ndani nikijifanya natafuta kiti cha kumkalisha, nikasimama nyuma ya mlango nikilia. Si kwa sababu ya somo. Tangu nifike Dar es Salaam hakuna aliyewahi kuniambia kwamba nilikosekana mahali.

Baada ya hapo nilifundisha Siasa na Kiswahili. Vijana waliendelea kunisalimia shikamoo kwa heshima, wakapita, kwa kuwa hatukuwa tena na jambo la kubishania. Athumani alimaliza shule akaenda bandarini kuwa karani. Jioni nilianza kukaa kwenye kona ya Mzee Mfaume, kwenye boksi la kofia, nikinywa kahawa na kumwangalia akiwapimia watu vichwa kwa macho. Hakunifundisha chochote, wala hakujaribu. Alinisogezea tu boksi. Nilikaa pale mpaka barua ya uhamisho ilipokuja.

Nikapelekwa Shinyanga chini ya Mkuu wa Shule aliyependa kwaya, kisha Songea chini ya mwingine aliyependa mpira, kisha chuo cha ualimu ambako nilikuwa Mkufunzi wa Kiswahili mpaka kustaafu. Sanaa ilirudishwa kwenye baadhi ya shule, ikaondolewa, ikarudishwa tena kwa jina jingine. Hakuna aliyenikumbuka kwa kazi hiyo, na mimi sikuomba. Habari za kifo cha Mzee Mfaume zilinifikia Songea akiwa amekwisha kuzikwa zamani. Nilitoka nje ya nyumba ya mwalimu, nikasimama barabarani pasipopita mtu, nikarudi ndani.

Nilipostaafu nilichagua kurudi Dar es Salaam, na watu wa Masasi walinishangaa. Nimepanga Magomeni. Sikuoa, hadithi hiyo ni fupi na haina la kufundisha. Wakati mwingine kijana wa sanaa huja kuniuliza habari za zamani, na ninachomwambia kwanza ni hiki: mfundishe mchezaji wako kuita kwa ukweli, lakini usijidanganye kwamba utamwamulia aliyekaa benchi la nyuma ataitika vipi. Huandika, hushukuru, huondoka.

Siku hizi jeneza Kariakoo hupita ndani ya gari, taa zimewashwa, na ukitia bega utagongwa. Silaumu, mji umekua. Mwezi uliopita niliugua, nikalala ndani siku nyingi bila kuonana na mtu. Nilipopata nguvu nilikwenda dukani pale ninaponunua kila asubuhi. Mwenye duka alinipa mkate wangu kana kwamba nilikuja jana, akanipa chenji, akamgeukia mteja aliyekuwa nyuma yangu.